Je, niiruti simu ya kazi kwa kubonyeza mara moja?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Tandahimba. Nina Tecno ndogo, GB 16, RAM GB 1, Android 8.1. Kila msimu wa korosho ukianza inaniandikia nafasi imejaa, haipokei picha, WhatsApp inagoma. Kijana mmoja wa stendi anasema niiruti kwa programu ya kubonyeza mara moja, halafu nifute programu zilizokuja na simu, nafasi itarudi na simu itakuwa nyepesi. Anataka shilingi 10,000. Ndani nina M-Pesa, programu ya benki na picha za orodha za wakulima. Nikubali?"

Marahaba, mwanangu. Usikubali. Nimelisema mapema ili hata bando likikuishia kabla hujamaliza kusoma uwe umeshapata jibu.

Nataka pia ujue sababu, kwa kuwa msimu hauna subira, na simu ikikuzingua siku ya mnada utashawishika tena. Tena usimchukie yule kijana. Anachokisema kilikuwa na ukweli wake kwenye simu za zamani, na mafundi wengi tulijifunza kazi kwa maneno hayohayo. Mimi natengeneza simu hapa Mtwara mjini tangu enzi za simu za vitufe, na nimeruti simu nyingi, za kwangu na za watu. Siipingi ruti, yaani kujipatia mamlaka yote ya ndani ya simu ambayo mtengenezaji hakukupa. Ninachopinga ni kuipata kwa njia hiyo, kwenye simu ya kazi kama yako, kwa ajili ya tatizo ambalo ruti hailitibu.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo watu hawaambiwi. Ndani ya simu yako hakuna ghala moja la GB 16. Ghala limekatwa vyumba tangu kiwandani. Kuna chumba cha mfumo, ambamo Android yenyewe na zile programu zilizokuja na simu zimewekwa. Kuna chumba cha data, ambamo picha zako, WhatsApp yako na kila ulichopakua mwenyewe hukaa. Ukuta kati ya vyumba hivyo hausogei. Simu inapoandika kwamba nafasi imejaa, inazungumzia chumba cha data. Programu ambazo kijana anataka kuzifuta ziko chumba cha mfumo. Ukizifuta kwa ruti unapata nafasi kwenye chumba ambacho wewe huwezi kuweka hata picha moja. Wewe ni mtu wa maghala, utanielewa: ni sawa na kutoa magunia kwenye ghala la Newala ukitegemea nafasi ipatikane ghala la Tandahimba.

Kitu pekee ambacho programu hizo zinakula chumbani kwako ni masasisho yake na data zinazojilimbikizia. Hivyo vyote viwili vinaondoka bila ruti, na nitakuonyesha huko mbele. Kuhusu wepesi, RAM ni kifaa kilichochomelewa kwenye ubao wa simu. Iliyotoka kiwandani na GB 1 itabaki na GB 1, uiruti usiiruti.

Sasa tuone ruti yenyewe ni nini, na kwa nini kitufe kimoja kinaweza kuipata.

Android imejengwa juu ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta. Kila programu unayoiweka hupewa namba yake ya utambulisho, kuanzia 10000 kwenda juu, na mfumo huitumia namba hiyo kuamua nani aguse nini. WhatsApp haiwezi kuchungulia mafaili ya ndani ya programu ya benki, na mchezo wa mtoto hauwezi kufungua mafaili ya WhatsApp. Ni kama nyumba zetu za kupanga pale Chikongola, ukumbi mmoja, vyumba kushoto na kulia, kila mpangaji na kufuli lake. Juu ya wote yuko mwenye namba 0. Huyo anaitwa ruti, yaani mzizi, na hakuna mlango anaoulizwa. Anasoma, anaandika na anafuta chochote. Mtengenezaji hakukukabidhi namba hiyo uliponunua simu, na kuruti simu ni kujipatia hiyo namba 0.

Zipo njia mbili za kuipata. Moja ni kufungua mlango wa mbele kwa utaratibu ambao watengenezaji wengine wameuacha, na ni kazi ya hatua nyingi. Ya pili ni kutafuta ufa. Programu za kubonyeza mara moja zinafuata njia hii ya pili. Ndani yake kuna msimbo unaotumia kosa fulani kwenye keneli, ule moyo wa mfumo, kujipandisha kutoka namba 10 elfu na ushee hadi namba 0. Ikifika huko inapachika faili dogo linaloitwa su, na kuanzia hapo programu nyingine zinaweza kuliomba faili hilo liziinue.

Ufa wa namna hiyo ulikuwepo kweli, tena mkubwa. Juni 2014 Mmarekani George Hotz, yuleyule aliyefungua iPhone ya kwanza akiwa kijana mdogo, alitoa programu iitwayo Towelroot. Ilitumia kosa la keneli lililogunduliwa mwaka huohuo, na karibu simu yoyote ya Android ambayo keneli yake ilitengenezwa kabla ya Juni ile iliweza kurutiwa kwa kitufe kimoja. Oktoba 2016 likatangazwa kosa lililopewa jina Dirty COW, ambalo lilikuwa limekaa ndani ya Linux tangu 2007, miaka tisa, bila kuzibwa. Katikati ya hapo ndipo KingRoot na programu nyingine za kubonyeza mara moja zilipotamba. Wenye programu hizo walikuwa na akiba ya nyufa nyingi, na ulipobonyeza, programu ilituma aina ya simu yako na toleo la mfumo kwenye seva zao, kisha ikateremshiwa ufa unaofaa. Ndiyo maana zilidai intaneti kabla ya kufanya kazi.

Halafu milango ikaanza kufungwa. Android 5 ya mwaka 2014 ilikuja na SELinux ikiwa imekazwa mfumo mzima. Huu ni ulinzi unaoweka mipaka hata kwa namba 0. Agosti 2015, baada ya kelele za kosa la Android lililoitwa Stagefright, Google wakaanza kutoa viraka vya usalama, yaani vya kuziba nyufa kama hizi, kila mwezi. Android 7 ya mwaka 2016 ikakaza ukaguzi wa wakati wa kuwasha: simu inapoamka inapima chumba cha mfumo kipande kwa kipande, na ikikuta kimeguswa inaweza kukataa kuendelea. Simu yako ni 8.1. Maana yake ni kwamba hata kijana akifaulu kupata ruti na kufuta programu mbili tatu za mfumo, ukiizima na kuiwasha inaweza kuganda kwenye nembo ya Tecno na isivuke hapo. Nimepokea simu za namna hiyo mezani, na wenyewe huapa kwamba walifuta programu moja tu ya muziki.

Kwa hiyo mara nyingi kwenye simu ya umri wa yako, kitufe kile kitazunguka dakika tatu kisha kiandike kwamba imeshindikana. Watu huchukulia kwamba imeshindikana basi yameisha, na hapo ndipo wanapokosea. Ili kuiweka programu ile ilibidi uruhusu simu ipokee programu kutoka nje ya Play Store, uzime Play Protect, mlinzi wa Google anayekagua programu, na uipe ruhusa ulizoombwa. Mgeni ameshaingia ukumbini hata kama hakupata ufunguo wa vyumba.

Kuna jambo moja sitalificha, kwa sababu kijana anaweza kukuonyesha kwamba simu kama yako imekubali. Simu nyingi za chip ya MediaTek zilikuwa na ufa ambao watu waliutumia waziwazi tangu 2019, na kiraka chake kikaingia kwenye taarifa ya usalama ya Android ya Machi 2020. Fungua Mipangilio, nenda sehemu ya Kuhusu simu, utazame tarehe ya kiraka cha usalama. Kama chip yako ni MediaTek na tarehe ni ya kabla ya Machi 2020, inawezekana ufa huo uko wazi. Naomba isikufurahishe habari hiyo. Ufa unaomruhusu kijana wa stendi unamruhusu pia mtu mwingine yeyote atakayefanikiwa kuweka programu yake ndani ya simu yako. Simu ya hivyo inahitaji tahadhari mara mbili: hakuna kuweka programu iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, hakuna Xender ya kupokea programu kutoka kwa rafiki.

Kwamba nyufa hizi hutumiwa na wote si maneno ya kukutisha. Novemba 2016 watafiti wa kampuni ya Check Point walitangaza programu haribifu waliyoiita Gooligan. Ilijificha ndani ya programu za kawaida zilizokuwa kwenye maduka ya pembeni, ikairuti simu kimyakimya bila mwenyewe kubonyeza chochote, kisha ikaiba tokeni, yaani funguo za kidijitali, za kuingilia akaunti za Google. Akaunti zilizoathirika zilizidi milioni 1. Msimbo iliotumia kuruti ulikuwa wa Towelroot na wa programu nyingine ya kubonyeza mara moja, VROOT. Kile mafundi tulichokisambaza kwa memori kadi tukikiita msaada, wezi walikiokota kilekile.

Na mimi nilikisambaza. Mwaka 2015 mzee mmoja jirani yangu pale Magomeni aliniletea simu yake, shida kama ya kwako, nafasi imejaa. Nikamwekea programu ya kuruti, jina lake naliacha, nikabonyeza. Haikufika dakika moja ikaandika imefaulu. Nilijiona fundi kweli siku hiyo. Wiki ya pili akarudi: bando la wiki linakwisha kwa siku mbili, matangazo yanafunika kioo hata akiwa anapiga simu, kuna programu nne ambazo hakuziweka yeye. Nikairudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Ilipowaka, programu zile nne zilikuwepo palepale. Zilikuwa zimeshajiandika kwenye chumba cha mfumo, na kurudisha hali ya kiwandani hufuta chumba cha data tu. Ikabidi nitafute faili zima la mfumo wa simu ile na kuiflashi upya kwa kompyuta. Simu ilipona. Lakini katika kufutafuta kule zilikwenda picha za marehemu mkewe, na hazikuwa na nakala popote. Nilimwomba radhi akanisamehe, na tunasalimiana mpaka leo. Picha hazikurudi.

Ndiyo maana nikisoma kwamba ndani ya simu yako kuna M-Pesa, benki na orodha za wakulima, nasita.

Chukua M-Pesa. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa wanatumia *150*00# na si programu, wako salama. Menyu ile haina uwezo wa kujua kama simu imerutiwa. Itaendelea kufanya kazi kama jana, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa hakuna kitu kitakachokuonya. Namba yako ya siri unaigonga kwenye kioo kilekile ambacho mwenye namba 0 anaweza kukitazama. Ujumbe wa benki wenye tarakimu za kuthibitisha unaingia kwenye sanduku lilelile la meseji ambalo mwenye namba 0 anaweza kulisoma na kuufuta ujumbe kabla hujauona. Programu nyingi za benki zenyewe zikigundua ruti hugoma kufunguka. Usikasirike nazo, hapo zinakulinda, na atakayekuambia ana mbinu ya kuificha ruti ili benki isione anakuondolea ulinzi wa mwisho uliobaki.

Orodha za wakulima zinanigusa zaidi. Majina, kilo, namba za akaunti. Hizo si zako, mwanangu, umeaminiwa nazo. Tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na anayetunza taarifa za watu anatakiwa azilinde. Hata bila sheria, fikiria bibi wa kijijini ambaye malipo yake ya msimu mzima yanaingia kwenye akaunti ile uliyoipiga picha. Zungumza na katibu wako orodha hizo zikae kwenye kompyuta ya chama, na kwenye simu zifutwe mnada ukishapita.

Sasa tatizo lako. Nina hakika karibu yote imekaa kwenye WhatsApp, kwa sababu naijua simu ya karani kipindi cha minada. Makundi saba, manane, kila mtu anatuma picha ya bei ya leo, ileile, mara kumi na tano, na sauti za dakika sita.

Kwanza ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, ufungue pale pa kudhibiti hifadhi. Itakupangia mafaili makubwa na yaliyosambazwa mara nyingi. Futa video kwanza. Kisha rudi hatua moja nyuma uzime upakuaji wa wenyewe, yaani picha, sauti, video na nyaraka zisishuke mpaka uziguse. Hatua hii peke yake huokoa bando pia, na ndiyo naipenda kuliko zote.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kila usiku saa 8 WhatsApp hutengeneza nakala ya mazungumzo yako ndani ya simu, na huziweka nakala za siku kadhaa, hadi 7. Fungua programu ya mafaili, tafuta folda ya WhatsApp, ndani yake folda iitwayo Databases. Utakuta mafaili yanayoanza na msgstore. Lile lisilo na tarehe kwenye jina ndilo jipya, liache. Yale yenye tarehe yafute. Kama kila moja lina MB 200, na kwa mtu wa makundi mengi hilo ni la kawaida, yakiwa sita umerudishiwa GB 1.2 kwa dakika moja. Kwenye simu ya GB 16 hiyo ni nafasi ya msimu.

Hamishia picha zako kwenye memori kadi na uiambie kamera ihifadhi huko moja kwa moja. Memori kadi nunua ya GB 32 yenye jina linalojulikana. Zile za GB 128 kwa bei ya kutupa, ukizipima kwenye kompyuta unakuta zinabeba GB 8, na kinachozidi hapo kinaandikwa hewani. Picha unaziona leo, kesho hazifunguki.

Kisha zile programu zilizokuja na simu. Mipangilio, Programu, chagua moja usiyoitumia, gusa vidoti vitatu juu, ondoa masasisho, futa data, halafu bonyeza Zima. Imelala, haili bando, haili RAM, na nafasi iliyokuwa inakula chumbani kwako imerudi. Kuzima kukikataliwa, kwa sababu kuna programu ambazo mtengenezaji amekificha kitufe hicho, tafuta mtu mwenye kompyuta. Rudi Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara saba ili Chaguo za wasanidi zitokee, washa Utatuzi wa USB, unganisha waya, na kwenye kompyuta yenye adb, programu ya kuiamrisha simu kwa waya, mnaandika mstari mmoja. Kwa mfano, kuliondoa duka la Palm Store:

adb shell pm uninstall --user 0 com.transsnet.store

Mstari huo hauhitaji ruti. Hauligusi faili lenyewe kwenye chumba cha mfumo, unaliondoa kwako wewe mtumiaji, kwa hiyo ukaguzi wa kuwasha haulalamiki. Ukijuta, unairudisha:

adb shell cmd package install-existing com.transsnet.store

Usiguse chochote chenye jina la systemui, phone au gms. Na ukimaliza, zima Utatuzi wa USB. Usiuache wazi, maana kila unapochomeka simu kwenye kompyuta ya mtu utakuwa umeacha mlango nyuma yako.

Nafikiri hapo tumekwisha kwa simu ya kazi. Ila katika barua yako ndefu, ambayo hapo juu nimeifupisha, uliongeza sentensi moja kwamba ungependa pia kujua mambo haya "kwa undani siku moja." Nisingependa nikukatishe tamaa, kwa kuwa Kusini huku mafundi wa kike wa simu ni wa kuhesabu. Ukitaka kujifunza ruti, tafuta simu ya zamani isiyo na laini, isiyo na akaunti, ambayo ikifa hakuna wa kulia. Jifunze njia ya mlango wa mbele. Unaruhusu ufunguaji kwenye Chaguo za wasanidi, unafungua butiloda, ile programu ndogo inayoiwasha simu, kwa kompyuta, na hatua hiyo hufuta kila kitu kwenye simu kwa makusudi, ili mwizi asitumie njia hiyo kusoma vitu vyako. Kisha unachukua faili la boot, yaani la kuwashia, la toleo lilelile hasa la mfumo wa simu yako, unalitia kiraka kwa programu ya Magisk, unalirudisha kwenye simu. Magisk ilianzishwa 2016 na kijana wa Taiwan, John Wu, msimbo wake uko wazi kila mtu ausome, na ruti yake haigusi chumba cha mfumo. Wu mwenyewe baadaye aliajiriwa Google kwenye kazi ya usalama wa Android, jambo ambalo huwa nawaambia vijana wanaofikiri kuruti ni kazi ya wahuni. Tofauti na kitufe kimoja ni kwamba hapa kila programu inayotaka namba 0 inakuuliza wewe, na unajua nani ameshika ufunguo.

Kabla hujagusa simu yoyote namna hiyo, piga *#06# uandike IMEI zote mbili, zile namba za utambulisho wa simu, kwenye daftari. Kwenye simu za MediaTek fundi akikosea akaifuta hifadhi nzima, IMEI hupotea, na simu haishiki tena mtandao. Unakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilivyozima simu bandia, watu wakabaki na vioo vinavyowaka bila mtandao? Ndivyo inavyokuwa. Na akitokea mtu wa kukuandikia IMEI nyingine yoyote ili ishike, mkatalie. Kubadili IMEI ni kosa kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kosa hilo litakuwa limebebwa na simu yenye jina lako.

Mwisho, kama ulipokuwa unasubiri jibu langu ulikwisha mpa kijana simu akabonyeza, nieleze bila woga, sitakugombeza. Fanya hivi leo. Toa laini, iweke kwenye simu ya kitochi. Kwenye simu hiyo badili namba ya siri ya M-Pesa. Nenda tawini kwa benki yako ubadilishe namba ya siri ya programu yao. Kwa simu ya mtu unayemwamini, badili nywila ya akaunti ya Google na uiondoe simu yako kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia. Usitegemee kurudisha hali ya kiwandani, umeshasikia yaliyompata mzee wangu. Simu yako iliyorutiwa inatakiwa iflashiwe faili la kiwandani, kwa namba ya toleo lake hasa, na kabla ya hapo picha zako ziende kwenye memori kadi, picha tu, usihamishe faili lolote la programu.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na fundi yeyote makini huko Tandahimba au Masasi, si lazima uje mpaka Mtwara. Muulize kwanza kama ana faili la toleo lako au analo "linalofanana." Akijibu linafanana, chukua simu yako. Ukiamua kuja kwangu, njoo asubuhi, simu ikiwa na chaji zaidi ya nusu, na usiache boksi lake nyumbani. IMEI zimeandikwa ubavuni.